Siku Mama Gerrit Alipokwenda kwa Polisi

Yupo mtu ninayemwombea kila Jumapili kabla sijaomba la kwangu. Ni Arlys Dekker, mpishi mkuu wa shule ya Nijdam, mji mdogo hapa Iowa wenye makanisa mengi kuliko maduka. Arlys alizaliwa hapo, akabatizwa hapo, akaolewa hapo, na kaburi la mumewe Marvin liko hapo. Mimi nilikuja na familia yangu miaka mingi iliyopita kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kazi yangu ya kwanza nchini humu ilikuwa kuosha masinia jikoni mwake.

Siku ya kwanza aliniuliza jina. Nikamwambia naitwa Mapendo. Akajaribu kulitamka, ulimi ukagoma, akajaribu tena huku akimenya viazi mpaka ukakubali. Nami nikamuuliza mwanawe wa kwanza anaitwa nani.

"Ninaye mmoja tu. Gerrit."

"Basi wewe ni Mama Gerrit."

Akacheka. "Hapa hakuna anayeniita hivyo."

"Sasa yupo."

Ni mwanamke mrefu, mabega mapana, sauti ya kuita ng'ombe. Anaweka siagi kwenye kila kitu na kulalamikia pilipili yangu, halafu anaila. Anamjua kila mtoto asiyekula nguruwe na kila mtoto ambaye kwao hakupikwa jana, na huyo wa pili humwongezea sahani bila kumwambia mtu. Nilipomwoza binti yangu alikuja kanisani kwetu Clary, mji wa kiwanda cha nyama ambako watu wetu wengi wanafanya kazi. Kanisa letu ni jengo lililokuwa duka la matrekta. Siku hiyo alikula ugali na sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, kwa mkono kama sisi, ila katikati akaninong'oneza, "Mapendo, nisaidie kijiko, mikono yangu imeshindwa."

Gerrit nilimjua kwa mbali. Kijana mpole wa macho, fundi wa kila kitu, aliyekuwa akija jikoni kututengenezea jokofu lilipogoma. Marvin alipoanguka shambani akafa, kijana alibadilika. Aligombana na watu kwenye shamba la nguruwe alikofanya kazi, akaacha kazi, akahamia peke yake kwenye shamba na nyumba ya zamani ya babu yake, katika kaunti ya jirani iitwayo Kessel. Huko rafiki yake akawa kompyuta. Mama yake alipomtembelea alianza kusikia maneno ambayo hakumfundisha: kwamba nchi imeporwa, kwamba wageni ni jeshi lililotumwa, kwamba wenye damu ya kiume lazima waamke. Arlys alibishana naye, akalia, akamwombea. Alijiambia ni majonzi ya baba, yatapita.

Jumamosi moja ya mavuno, mahindi yakiwa yamekatwa nusu, alimpelekea chakula cha viazi na nyama ya kusaga na mashuka safi. Gerrit alikula vizuri. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mama, wale watu unaofanya nao kazi, wa kanisa la Clary. Hiyo ibada yao ya mavuno wiki ijayo, wanatoka saa ngapi? Watoto wanakaa na wakubwa au chumba tofauti?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Sijui," Arlys akajibu. Alikuwa anajua, kwa kuwa nilikuwa nimemwalika.

Aliosha vyombo. Kisha akasema anakwenda bandani kutafuta makopo ya marehemu mkwewe ya kuhifadhia matunda. Bandani, nyuma ya trekta, aliinua turubai. Sitasema yote aliyoyaona. Kulikuwa na mabomba ya chuma yaliyokatwa, nyaya na baruti, vimepangwa kwa unadhifu uleule ambao Marvin alimfundisha mwanawe kupanga spana. Akarudisha turubai kama lilivyokuwa, akambusu mtoto wake shavuni, akaingia garini. Aliniambia baadaye kwamba alisimamisha gari kando ya barabara, akashika usukani huku injini imezimwa, akajisikia kama mtu anayeshikilia mlango ili upepo usiufungue.

Kisha akaenda moja kwa moja kwa Lyle Postma.

Lyle ni mkuu wa polisi wa Nijdam. Polisi wenyewe ni watatu, yeye akiwemo. Alimkuta uani anakusanya majani.

"Lyle, nataka kuzungumza na polisi. Sitaki kuzungumza na wewe."

"Arlys, polisi ndiye mimi. Mwenzangu mmoja yuko kwenye mechi ya mwanawe na mwingine amelala."

"Basi weka hiyo reki chini."

Akamweleza pale pale, amesimama, mkoba umemning'inia mkononi. Lyle alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na hilo Arlys analishukuru mpaka leo.

Hapa inabidi nieleze jambo, maana ndilo lililotuokoa. Shamba lile lilikuwa Kessel, na Kessel ni ya Sherifu Duane Klaassen, mkuu wa askari wa kaunti, anayechaguliwa kwa kura. Kanisa letu liko Clary, na Clary ina polisi wake, chini ya mama mmoja anaitwa Teresa Albarrán, ambaye baba yake alikata nyama kiwandani kama mume wangu. Lyle naye, akivuka kibao cha mwisho cha Nijdam, hawezi kumkamata hata mwizi wa baiskeli. Kila mmoja na mpaka wake.

Na zamani hawakuwa wakipikika chungu kimoja. Kuna mwaka polisi wa Clary walimfukuza mwizi wa gari mpaka ndani ya Kessel bila kumwambia mtu. Askari wa sherifu akatokea upande wa pili, hajui kinachokuja, akakwepa, akatumbukia mtaroni akavunjika nyonga. Redio zao zilikuwa hazisikilizani kabisa, kila upande unaongea peke yake. Baada ya hapo Duane na Teresa wakawa wanapishana barabarani kila mmoja akitazama upande wake. Ni Lyle aliyewafuata mmoja mmoja, akawabembeleza, akawakalisha meza moja kwenye mgahawa wa Nijdam. Wakaanza kukutana kila mwezi kwa mayai na keki ya tufaha. Kwanza waligombana. Halafu wakatafuta redio za kusikilizana. Halafu wakakubaliana kwamba kila jambo lisilo la kawaida, hata likiwa dogo la kuchekesha, waambizane. Watu wakawaita Kamati ya Mayai, kwa kejeli. Mimi siwakejeli.

Jumamosi hiyohiyo mchana walikuwa wote kwenye kituo cha zimamoto cha Nijdam, Arlys ameketi mwisho wa meza na kikombe cha kahawa asichokinywa. Duane aliingia wa mwisho, mtu mkubwa, kofia mkononi.

"Karibu Sherifu," Teresa akasema. "Leo gari halijaingia mtaroni?"

"Nimekuja polepole. Niliambiwa watu wako wapo barabarani."

Wakamwona Arlys, utani ukaishia hapo. Duane akavuta kiti akaketi karibu naye.

Lyle akaeleza. Alipomaliza, Duane akajishika paji la uso. "Mzee mmoja jirani na shamba hilo alitupigia simu mara mbili. Milipuko kule machimbo ya kokoto. Kijana wangu alikwenda, akakuta vijiti vimeungua, akadhani ni watoto na fataki."

Teresa akamtazama. "Gari lake ni la rangi gani?"

"Kijani," Arlys akasema. "Pikapu. Mlango mmoja mweupe, aliubadilisha."

"Askari wangu aliniambia kuhusu pikapu yenye mlango mweupe. Inasimama mkabala na kanisa Jumapili, hashuki mtu. Tulimuuliza mara moja, akasema anamsubiri msichana."

Wakatazamana. Teresa aliniambia mwenyewe kwamba dakika ile hataisahau. Milipuko peke yake ilikuwa fataki, pikapu peke yake ilikuwa kijana anayemsubiri mchumba, na maneno ya Gerrit yalikuwa hasira ya yatima. Vyote vitatu vilikuwa vimetawanyika katika mikono mitatu tofauti.

Wakawaita wapelelezi wa serikali kuu, wakaja kutoka mjini siku hiyohiyo na wataalamu wa milipuko. Hakimu akatoa hati. Swali likabaki moja: watamkamata vipi? Nyumbani ana bunduki na banda limejaa baruti. Kiongozi wa wapelelezi, mwanamume mtaratibu, akamgeukia Arlys, akamuuliza kama kuna kitu kinachoweza kumtoa kijana pale kwa hiari yake.

Arlys akakisogeza kando kikombe cha kahawa. Akasema, "Hita yangu ya maji inavuja. Inavuja kweli, sidanganyi. Nikimwomba atakuja. Hajawahi kunikatalia kitu cha kutengeneza."

Hakuna aliyemhimiza. Akaendelea mwenyewe, "Lakini msimuue. Mimi nimewaletea mtoto, sikuwaletea maiti."

Duane akasema, "Arlys, siwezi kukuahidi yeye atafanya nini. Nakuahidi sisi tutafanya nini. Hatutamkimbilia na hatutampigia kelele. Atakayezungumza naye ni mtu anayemjua."

"Mimi," Lyle akasema. "Nilimfundisha Biblia akiwa hana meno ya mbele."

Kesho yake, Jumapili, sisi tulikuwa kanisani tunaimba, hatujui lolote. Niliona watu wawili wageni nyuma, wamevaa vizuri, hawajui nyimbo. Nikadhani wametoka kiwandani. Walikuwa askari wa Teresa. Mchana Arlys akapiga simu.

"Gerrit, hita imezidi. Maji yamefika kwenye zulia."

"Funga koki ya chini, Mama. Nakuja."

Aliniambia kwamba "nakuja" ile ilimkata kuliko yote. Hakukuwa na mtu mbaya ndani ya neno lile. Alikuwa ni mwanawe tu, anakuja kumtengenezea mama yake.

Walimngojea pale barabara ya kokoto inapokutana na lami. Magari ya sherifu mbele, ya Clary yakaja taratibu nyuma, na wote wakawa kwenye redio moja. Lyle akasimama katikati, mikono wazi, bila kofia.

"Gerrit, ni Lyle! Zima gari, mwanangu. Mama yako anataka ufike nyumbani mzima."

Pikapu ikabaki inaunguruma. Kwenye kiti cha pembeni, tulikuja kusikia mahakamani, kulikuwa na bastola. Duane alikuwa anaiona mikono ya kijana kwenye usukani na kila askari alikuwa anaitazama mikono ileile. Hakuna aliyesogea. Lyle akaendelea kuzungumza, akamtajia Marvin, akamtajia siku walipokwenda kuvua samaki, Gerrit akaanguka mtoni. Hatimaye injini ikazimika, na mikono miwili ikatoka dirishani.

Haikulia risasi hata moja.

Walipokuwa wanamfunga pingu, alisema neno moja tu: "Hita ya mama inavuja. Mtu akaangalie ile koki." Lyle akaenda, akalala kifudifudi sakafuni kwa Arlys na sare yake, akaitengeneza huku analia. Arlys akamshikia tochi.

Jumatatu alikuja kazini. Nilimkuta jikoni anakata karoti, na nilijua kuna kitu, kwa kuwa alikuwa amezikata nyingi mno.

"Mapendo, kaa. Kabla hujasikia redioni."

Akaniambia yote. Hakujitetea wala hakumtetea. Nilivua aproni nikatoka nje, nikasimama kwenye baridi nikiwafikiria wajukuu wangu wanaokaa kile chumba cha pembeni kanisani na kalamu zao za rangi. Tulikimbia watu wenye bunduki kule kwetu Fizi, Kongo. Nikasema, Mungu, hata huku? Hata kwa watu wa viazi na siagi? Nilikasirika mpaka meno yakagongana. Kisha nikawaza kwamba wajukuu wangu asubuhi ile walikuwa wamekunywa chai, wakagombania kijiko, wakaenda shule. Walikuwa hai kwa sababu mwanamke aliyekuwa kule ndani anakata karoti alikuwa ameingia garini mwake Jumamosi akaendesha mpaka kwa Lyle.

Nikarudi. Akasema bila kugeuka, "Hilo jina unaloniita, unaweza kuliacha sasa."

"Nilikupa mimi. Nikitaka kulirudisha nitakuambia."

Akaweka kisu chini. Tulishikana pale mpaka msaidizi mpya akaingia, akatutazama, akatoka tena.

Si wote waliomtendea hivyo. Dukani mama mmoja alimwambia, "Mimi nisingeweza kumtoa mwanangu mwenyewe." Arlys akamjibu, "Na mimi sikuweza. Nilifanya tu." Wapo waliohama benchi kanisani kwake. Usharika wake mwenyewe, mchungaji wao akiwa mbele, ukaleta vyakula mlangoni mpaka friji ikakataa kufunga, kwa kuwa huko mtu akipatwa na jambo wanaleta chakula, hata kama hawajui la kusema.

Kwetu Clary wazee walijiuliza kama tuahirishe ibada ya mavuno. Teresa alikuja kukaa nao. Mchungaji Etabo akamuuliza afanye nini.

"Hilo ni lenu, Mchungaji. Mkifanya tupo, msipofanya tupo."

Tukafanya. Siku hiyo maegesho yetu yalijaa magari ya polisi ya rangi tatu, na nakiri kwamba wengi wetu, kwa tulikotoka, tukiona sare tunatafuta mlango wa nyuma. Lakini hawa walisimama kwenye upepo wa mavuno ibada nzima, wa Kessel na wa Clary na wa Nijdam wamechanganyika, wakipeana kahawa kutoka chupa moja. Mchungaji Etabo aliwaita ndani kula. Duane alichota pilipili akidhani ni mchuzi wa nyanya.

"Sherifu," Teresa akamwambia, "sasa umeingia mtaroni kweli."

Mtu mkubwa yule alilia machozi huku anacheka, na watoto wakamletea maziwa.

Arlys alikuwa nje. Alikuwa amekuja na sinia la biskuti za lozi, lakini alishindwa kushuka garini. Nilimwona dirishani nikataka kwenda, mama mkwe wangu, Bibi Asende, akanizuia. Akajifunga kitenge kichwani, akatembea na fimbo yake mpaka kwenye gari, akagonga kioo.

"Toka humo, mama. Chakula kinapoa."

Kwa Kiswahili. Arlys hajui Kiswahili zaidi ya lile jina nililompa. Kioo kikashuka, bibi akarudia, safari hii kwa ukali wa mama mkwe, na mlango ukafunguka. Waliingia wameshikana mikono, sinia amelibeba bibi. Watu wakasimama. Hakuna aliyepanga kusimama, tulijikuta tumesimama. Mchungaji Etabo alishukuru kwa mahindi, akashukuru kwa askari mmoja mmoja kwa jina, na akashukuru kwa mama aliyezaa mara mbili, mara ya pili kwa uchungu mkubwa zaidi. Kisha akamwombea Gerrit. Wapo waliokaa kimya kwenye "amina" ile. Sikuwalaumu.

Gerrit alikiri makosa. Alifungwa miaka mingi, gereza liko mbali, na siku hizi anajifunza kuchomelea vyuma, na amekubali kukaa na mshauri anayemsikiliza. Barua zake za kwanza zilikuwa na yaleyale ya kwenye kompyuta. Za sasa anauliza habari za mama yake na za mbwa. Sijui moyoni mwake kuna nini, na mama yake naye anasema hajui.

Majira ya kuchipua yaliyopita gari la Arlys lilikuwa gereji, nikampeleka mimi gerezani kumwona. Njiani tuliimba, tukabishana kuhusu chumvi. Kufika, nikamwambia ukweli, kwamba mimi bado siwezi kuingia. "Sikukuomba uingie," akasema, "nilikuomba unifikishe." Nikakaa garini na chai yangu, nikitazama kina mama wengine wakiingia na kutoka, wa kila rangi, wote na mikoba iliyopekuliwa.

Alipotoka alikuwa anatembea haraka. Akafungua mlango, akaketi, akafunga mkanda.

"Vipi?"

"Amenenepa."

"Amenenepa?"

"Shavu hili hapa! Anasema chakula chao kibaya, hakina siagi. Nikamwambia, basi kinakunenepesha nini?" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaegemea kioo, nami nikacheka naye. Akajipangusa macho. "Yuko hai, Mapendo. Na wenu wako hai. Mimi silali usiku mwingine, lakini nikiamka nawahesabu wote, nakuta wapo."

Nikawasha gari. Akatoa mkate wa nyama kwenye mkoba, akaukata katikati, akanipa kipande kikubwa.